Robo, Mtaa au Kota? Kitawe cha Kiingereza na Funzo Lake

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuanze na kosa lililotokea darasani mwangu. Niliwapa wanafunzi sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba mpishi alirudi kwenye ‘servants' quarters’, waifasiri. Mmoja akaandika: “Mpishi alirudi katika robo ya watumishi.” Darasa likaangua kicheko. Msichana aliyeketi nyuma hakucheka. Alisema, “Ni kota, mwalimu. Mimi na mamangu tunakaa huko.”

Mwanafunzi wa ‘robo’ hakukosa kwa uzembe. Alijua maana moja tu ya kitawe, yaani neno lenye maana zaidi ya moja. ‘Quarter’ linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ‘ya nne’. Maana zake kuu ni hizi:

(i) Sehemu moja kati ya nne: robo. Mf. robo kilo, saa tano kasorobo, robo fainali.
(ii) Sehemu ya mji: mtaa.
(iii) Makao ya wafanyakazi au askari: kota. Hapa Kiingereza hutumia wingi.
(iv) Huruma kwa adui. Kumnyima adui ‘quarter’ ni kumuua hata akijisalimisha.
(v) Likiwa kitenzi: kugawa mara nne, au kuwapa askari malazi.

Je, kugawa na kulaza vinahusianaje? Tazama Nairobi. Wakati wa ukoloni, Wazungu walitengewa sehemu za magharibi na kaskazini. Waasia wengi waliishi Parklands na Ngara. Waafrika walisukumwa mashariki, ambako mtaa wa Pumwani ulianzishwa kwa ajili yao miaka ya 1920. Mwafrika aliyelala upande wa Wazungu kwa kawaida alikuwa mtumishi, na alilala katika kijumba cha uani. Mji uligawanywa, kisha ua nao ukagawanywa. Hadi leo, kuanzia Mountain View hadi Lavington, kijumba hicho huitwa SQ, ingawa wengi wanaokipanga si watumishi.

Kiswahili nacho kina mfano wake: kipande. Ni sehemu ya kitu. Vilevile ni cheti ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kukivaa shingoni. Wakenya wengi bado huita kitambulisho kipande.

Katika fasihi, swali ‘mtumishi analala wapi?’ hufichua utabaka. Katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), Amani anaishi kibandani ilhali mwajiri wake, Mtemi Nasaba Bora, anaishi katika jumba. Kitoto cha Mtemi mwenyewe kinaachwa kwenye kibanda hicho. Aibu ya jumba inalazwa kibandani. Mtahiniwa anayetaja tu kwamba Amani ni maskini ameacha hoja hii nje.

Zingatia: kabla ya kufasiri kitawe, tazama muktadha, umoja na wingi wa neno, na watu wanaohusika. Kamusi itakupa maana zote. Muktadha ndio utakaokuchagulia moja. Aidha, mwalimu, kumbuka kwamba darasani mwako huenda yumo anayelijua neno kwa kuishi ndani yake. Msikilize kabla wenzake hawajacheka.

Zoezi
1. Tunga sentensi mbili kudhihirisha maana mbili za neno ‘kipande’.
2. Eleza jinsi makazi ya wahusika yanavyoendeleza maudhui ya utabaka katika kazi yoyote uliyosoma.