Yaliyopita Nayo ni Ndwele

Wazee wetu walituachia msemo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mwema kwa watu waliogombania shamba, au waliotupiana maneno harusini. Kwa roho ya mtu iliyouliwa, haufai.

Niliyakumbuka hayo siku ya Idi nilipokuwa Houston. Mzee mwenzangu mmoja, jina lake nalihifadhi, alinivuta pembeni baada ya chakula. Miaka mingi nyuma alikuwa akifanya kazi ya usiku katika kituo cha petroli. Alisikia mlio wa bastola, akamwona mtu akikimbilia gari. Polisi walipokuja kuuliza, akasema hakuona kitu. Hakumwogopa muuaji, aliogopa kuulizwa makaratasi ya ukaazi. Isitoshe, wengi wetu tumekulia pahala ambapo mtu akiingia kituoni kuwa shahidi, hana hakika atatoka akiwa nani.

"Mwalimu," aliniuliza, "hata sasa watanisikiliza?"

Nikamjibu kwa kisa cha kwetu Fort Worth. Mwezi Februari 1974, msichana wa miaka 17, Carla Walker, alinyakuliwa usiku na mtu mwenye bastola kutoka ndani ya gari la rafiki yake. Siku tatu baadaye maiti yake ilionekana ndani ya kalvati. Mwaka huo huo wapelelezi walimhoji Glen McCurley, wakamwachia. Mwaka 2019 polisi waliitoa hadharani barua isiyo na jina waliyoipata mwaka 1974, wakawaomba raia msaada. Nguo za marehemu zilikuwa zimehifadhiwa. Maabara moja ya The Woodlands, karibu na Houston, ikavisoma vinasaba vilivyobakia humo na kuufuata ukoo hadi kufikia jina la McCurley. Alikamatwa Septemba 2020; Agosti 2021 alikiri, akafungwa maisha. Ilikuwa imepita miaka 47.

Na huko Houston, Januari 1981 maiti za vijana wawili zilikutwa msituni, zikazikwa bila majina. Mwaka 2021 ndipo walipotambuliwa kuwa Dean na Tina Clouse, mume na mke. Mwaka 2022 binti yao, aliyepotea akiwa mtoto mchanga, alipatikana hai, naye ni mtu mzima. Wakuu wa Texas wakauomba umma useme unachokijua.

Sayansi husoma kilichobakia kwenye nguo. Sura ya mtu aliyekimbilia gari imo kichwani mwa aliyemwona, na akifa nayo imekufa.

Sheria ya Texas haiweki kikomo cha miaka katika kesi ya kuua. Asiyetaka kutaja jina lake, shirika la Crime Stoppers la Houston, lililoanzishwa mwaka 1980, hupokea habari bila kumwuliza mtu yeye ni nani. Nasi tulipokuwa chuoni, kabla hatujajua hata hesabu za kugawanya, tulifunzwa kwamba anayeficha ushahidi anaubebesha moyo wake dhambi.

Mzee wetu alipiga simu. Yaliyofuata si yangu kuyaeleza. Aliniambia tu kwamba alisikilizwa kwa adabu, na kwamba hakuna aliyemwuliza makaratasi. Ndugu msomaji, ikiwa nawe unalo la namna hiyo, usingoje Idi nyingine.