Mkwaruzo Mmoja, Bei Tatu

Usukani wa bodaboda ulipita ubavuni mwa gari langu kwenye foleni ya asubuhi, ukaburuza mlango wa nyuma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dereva akainua mkono kuomba radhi, akapotea kati ya daladala mbili. Nikabaki na mstari wa urefu wa mkono na swali ambalo kila mwenye gari Dar es Salaam hulikuta siku moja: nimpelekee fundi rangi, au nimalize mwenyewe nyumbani?

Wengi tukifika hapo tunaweka bei ya vifaa upande mmoja na bei ya fundi upande wa pili. Tunasahau bei ya kukosea. Kuna kosa linalofutika kwa kitambaa, na kuna kosa linalomfanya fundi atoze zaidi ya alivyokutajia mwanzo, kwa sababu sasa ana kazi mbili: kuondoa ya kwako, kisha kufanya ya kwake.

Maji na ukucha

Kabla ya kununua chochote, osha sehemu hiyo kwa sabuni. Ikiwa bado imelowa, itazame vizuri. Mkwaruzo unaopotea ukilowa na kurudi ukikauka uko kwenye klia, yaani ile vanishi angavu ya juu. Pitisha ukucha kwa kukata mstari. Ukiteleza, una bahati. Ukinasa, jeraha limeshuka chini.

Chini kabisa kuna bati, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, mwisho klia. Rangi yote ya kiwandani kwa pamoja haizidi sana unene wa karatasi moja ya kuchapishia, na klia ni kama nusu yake au pungufu. Kila unaposugua unakula klia hiyo, nayo haioti tena. Ikiisha, jua huichoma rangi hadi ipauke.

Mlango wangu, nilipoutazama hivyo, ulikuwa na majeraha matatu kwenye mstari mmoja.

Bei za hapa chini ni za mfano wa hesabu tu. Weka za mtaani kwako.

Jeraha la kwanza: mpira wa usukani

Mwanzo wa mstari ulikuwa mweusi na mpana, wa kutisha kuliko yote. Haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa mpira uliobaki juu ya rangi. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kusugua taratibu, kisha sabuni na maji, ukaisha. Gharama ni kama bure, na ukikosea hupotezi kitu. Usikimbilie thina, hasa kama gari liliwahi kupigwa rangi upya mtaani, maana inaweza kuilainisha rangi hiyo na kuivua.

Jeraha la pili: klia

Katikati ukucha uliteleza. Hapa kazi ni ya kompaundi, ile dawa ya kung'arishia inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, pamoja na kitambaa laini. Tuseme vyote ni shilingi 20,000, na kopo linabaki kwa mikwaruzo mingine mingi. Sugua eneo dogo kivulini, bati likiwa limepoa, futa, tazama, rudia. Dawa ya meno nayo husugua, lakini ni dhaifu, na hufaa alama hafifu sana tu. Kalamu za kufuta mikwaruzo zenye utomvu angavu huziba mfereji kwa muda, na alama hurudi baada ya kuoshwa mara kadhaa.

Kompaundi ikishindwa, kuna msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, ndipo kompaundi. Karatasi zake ni za bei ndogo, lakini hapa bei ya kukosea inaruka. Ukitoboa klia, hasa kwenye kona na kingo ambako ni nyembamba, umegeuza kazi ya 20,000 kuwa kazi ya paneli nzima. Kama hujawahi kushika msasa, jaribu kwanza kwenye paneli mbovu ya gereji.

Jeraha la tatu: bati

Mwisho wa mstari palikuwa na doa la ukubwa wa punje ya mchele, na ndani yake bati linang'aa. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, doa kama hilo halitaki kuachwa, kutu huanza upesi. Kwenye bampa la plastiki ningeweza kupuuza.

Njia ya nyumbani ni kugusia kwa brashi nyembamba: praima, rangi, klia, kila tabaka likikauka. Rangi huchanganywa dukani kwa namba iliyo kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota, tafuta maandishi C/TR kwenye kibati kilicho ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. 040 ni nyeupe ya kawaida, nayo husamehe. 1F7 ni fedha yenye chembe za metali, na 070 ni nyeupe ya lulu inayopigwa kwa hatua tatu. Hizo mbili humshinda hata fundi mwenye haraka. Gari lililopauka kwa jua, ng'oa kifuniko cha tanki la mafuta ukipeleke dukani, rangi ilinganishwe nacho.

Kupuliza mlango mzima kwa makopo ni hesabu nyingine. Tuseme praima, rangi, klia, msasa na tepu ni 45,000, na fundi anataka 100,000. Ukifaulu, umeokoa 55,000. Ukiharibu, umelipa 145,000 na nyongeza ya kukwangua. Ili usile hasara, lazima ufaulu karibu mara moja katika kila mara mbili, na anayeanza, kwa rangi ya metali na upepo wa uani, hafikii hapo. Zaidi ya hayo, klia zenye kigumuishi hutoa kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii.

Bima kubwa? Kwa mkwaruzo kama huu, kiasi anachobeba mteja mwenyewe mara nyingi humeza faida yote.

Mimi nilitumia kitambaa, kompaundi na brashi. Ukisimama hatua moja kutoka mlangoni, doa la punje ya mchele unaliona, limekuwa jeusi kidogo kuliko fedha inayolizunguka. Fundi angelimaliza lisionekane, kwa bei ya mlango mzima. Nimekubali lionekane, mradi lisile kutu.