Kabla Hujanunua Betri ya Sola, Yajue Haya

Jua si haba katika kaunti yetu. Kutoka Mariakani hadi Marereni, paneli za sola zimekuwa sehemu ya paa kama mabati na makuti. Kule Langobaya, nje ya mji wa Malindi, kuna mtambo wa sola wa megawati 40 unaouzia umeme gridi ya taifa. Lakini paneli, iwe ya Langobaya au ya juu ya nyumba yako, huzalisha umeme mchana peke yake. Mahitaji ya nyumbani mengi huanza jua likishazama: taa, runinga, kuchaji simu, watoto kudurusu. Kinachounganisha mchana na usiku ni betri.

Betri ndiyo inayowatia wakazi wengi hasara. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri isiyofaa, au iliyotumiwa vibaya, huweza kufa kabla ya miaka miwili. Ndiyo maana utaona nyumba ambayo paneli bado inang'aa juu ya paa, ilhali ndani watu wamerudia koroboi. Makala haya yanaeleza namna ya kusoma uwezo wa betri, jinsi ya kulinganisha bei, namna ya kuitunza, la kufanya ikifa, na betri mpya zinazokuja.

Betri yako inabeba kiasi gani?

Ubavuni mwa betri kuna namba mbili muhimu. Ya kwanza ni volti (V), ya pili huandikwa Ah. Zizidishe, utapata wati-saa. Betri ya 12V na 100Ah hubeba wati-saa 1,200. Wati-saa 1,000 ni yuniti moja, ile ile unayonunua kwa tokeni ya stima. Kwa hiyo betri hiyo ikijaa ina yuniti 1.2.

Sasa piga hesabu ya matumizi ya usiku mmoja:

- Balbu 4 za LED za wati 5, kwa saa 5: wati-saa 100
- Runinga ya wati 40, kwa saa 4: wati-saa 160
- Simu 3 kuchajiwa: wati-saa 45 hivi
- Modemu ya intaneti ya wati 10, kwa saa 5: wati-saa 50

Jumla ni wati-saa 355. Betri tuliyoitaja itatosha, na itabaki akiba. Lakini ukiwasha birika la umeme la wati 2,000 kwa dakika 15 tu, umetumia wati-saa 500, zaidi ya matumizi yote hayo kwa pamoja. Pasi, birika na jiko la umeme ndivyo vinavyomaliza betri. Kama ni lazima kuvitumia, vitumie saa sita mchana jua likiwa kali, na uhakikishe inveta yako inaweza kubeba mzigo huo.

Kumbuka pia msimu wa masika. Wingu linaweza kutanda siku mbili mfululizo. Ni busara kuwa na akiba ya angalau usiku mmoja na nusu.

Betri ya gari si betri ya sola

Kosa la kwanza ni kununua betri ya gari kwa sababu ni rahisi. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ichajiwe papo hapo. Bamba zake za risasi ni nyembamba. Ukiitumia polepole usiku kucha hadi inakaribia kuisha, zile bamba huharibika haraka. Betri ya sola ya risasi na asidi ina bamba nene, nayo huvumilia zaidi.

Hata hivyo, hiyo nayo ina mpaka wake. Betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Kila inaposhushwa sana na kuachwa bila chaji, salfeti hugandia bamba na kuziba nafasi ya umeme kuingia. Kwa hiyo ile yenye yuniti 1.2 ubavuni, kwa kweli inakupa yuniti 0.6 kwa usiku mmoja. Jambo hili wauzaji wengi hawalisemi.

Risasi au lithiamu?

Betri za risasi zimekuwepo tangu mwaka 1859, zilipobuniwa na Mfaransa Gaston Planté. Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991, kwanza kwenye vifaa vidogo vya kubebwa. Ile inayopendekezwa zaidi kwa nyumba leo ni lithiamu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4 au LFP. Ilianzia katika maabara ya Profesa John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, miaka ya 1990. Goodenough alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu.

LFP ina sifa tatu zinazomfaa mkazi. Unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya uwezo wake bila kuidhuru. Huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara 3,000 au zaidi, ilhali ya risasi mara nyingi huchoka baada ya mara mia chache. Na haishiki moto kwa wepesi kama zile lithiamu za nikeli na kobalti zinazotumika kwenye simu na kompyuta. Kasoro yake ni moja: bei ya kuanzia ni kubwa.

Linganisha kwa yuniti, si kwa bei ya dukani

Tuchukue mfano. Bei tunazotaja hapa ni za kurahisishia hesabu tu, si bei za soko. Tuseme betri ya risasi ya 100Ah ni shilingi 20,000, na ya LFP ya ukubwa huo huo ni shilingi 60,000.

Ya risasi inakupa yuniti 0.6 kila usiku. Ikidumu mara 500, maisha yake yote itakuwa imekupa yuniti 300. Gawanya 20,000 kwa 300: kila yuniti imekugharimu kama shilingi 67. Na kwa matumizi ya kila siku, mara 500 ni mwaka mmoja na miezi minne.

Ya LFP inakupa yuniti 1 kila usiku. Ikidumu mara 3,000, imekupa yuniti 3,000. Gawanya 60,000 kwa 3,000: kila yuniti ni shilingi 20. Kwa matumizi ya kila siku, hiyo ni miaka minane.

Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Kabla ya kununua, muulize muuzaji mambo mawili: betri hii inaweza kutumiwa kwa asilimia ngapi, na inadumu mara ngapi? Kisha fanya hesabu hiyo kwa bei aliyokutajia. Anayetumia umeme usiku mmojammoja tu, stima inapopotea, huenda betri ya risasi ikamtosha. Anayeitegemea kila usiku atapata nafuu kwa LFP, hata ikibidi anunue kwa awamu au na chama.

Joto la pwani na chumvi ya bahari

Betri hupimwa viwandani katika joto la nyuzi 25. Huku kwetu, chumba chenye paa la mabati hupita hapo kwa urahisi. Kwa betri ya risasi, kanuni inayojulikana na mafundi ni kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi 10, maisha ya betri hupungua kwa nusu. LFP huvumilia zaidi, lakini nayo haipendi joto.

Iweke betri mahali penye kivuli na hewa, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Iinue kutoka sakafuni. Betri za risasi zinazoongezwa maji hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Gesi hiyo hulipuka. Usizifungie kabatini wala kuzilaza chumba kimoja na watoto. Ziongezee maji maalumu ya betri, yaani maji safi yasiyo na chumvi. Usitumie maji ya kisima. Walio karibu na bahari wakague viungo vya nyaya mara kwa mara, maana hewa ya chumvi huvila.

Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala ya risasi na ya lithiamu, katika mfumo mmoja. Ukihamia lithiamu, hakikisha kidhibiti cha chaji na inveta vimewekwa kwa ajili ya lithiamu.

Betri ikifa, isiyeyushwe

Hapa hatuzungumzii pesa tena, bali maisha. Betri ya risasi iliyokufa bado ina thamani, na wanunuzi wa vyuma vikuukuu huifuata hadi mlangoni. Wapo pia wanaoipasua nyumbani na kuyeyusha risasi kwenye sufuria ili watengeneze chubwi za mishipi ya kuvulia. Moshi na vumbi la kazi hiyo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, hudhuru mimba, figo na damu, na madhara yake kwa ubongo hayarudi nyuma.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Jirani zetu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia mwilini mwao na mwa watoto wao. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aliugua, aliongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa katika Mahakama ya Rufaa, lakini Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo. Kesi ilishinda, lakini fidia haitoi risasi kwenye mwili wa mtoto.

Kwa hiyo: usipasue betri, usimwage asidi yake, usiitupe jaani wala kuichoma. Ya lithiamu ikitobolewa au kuchomwa huweza kuwaka moto mkali. Mrudishie muuzaji unaponunua mpya, au umpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Ukiona watu wanayeyusha betri karibu na makazi, toa taarifa kwa afisa wa mazingira au wa afya ya umma, au kwa chifu.

Betri zinazokuja

Wengine huuliza kama wasubiri teknolojia mpya. Zinazotajwa sana ni hizi.

Betri za sodiamu. Zinafanana na za lithiamu kwa namna zinavyofanya kazi, ila zinatumia sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi ya Gongoni na magadi ya Ziwa Magadi. Malighafi yake ni tele duniani. Ni nzito zaidi kwa kila yuniti, jambo linalosumbua gari lakini si nyumba. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri yake ya kwanza ya aina hii mwaka 2021, na mwaka 2024 kituo chenye uwezo wa kuhifadhi yuniti 100,000 kiliunganishwa na gridi katika mkoa wa Hubei.

Betri za mtiririko. Umeme huhifadhiwa ndani ya vimiminika kwenye matangi mawili makubwa. Ukitaka kuhifadhi zaidi, unaongeza tangi. Zinafaa vituo vikubwa vya umeme kuliko nyumba.

Betri za yabisi. Hizi hazina kimiminika ndani, hivyo zinatarajiwa kubeba umeme mwingi zaidi kwa uzito mdogo. Kwa sasa watengenezaji wanazilenga hasa kwa magari.

Betri za mkono wa pili. Betri ya gari au pikipiki ya umeme ikichoka kwa barabara huwa bado inafaa kuhifadhi umeme wa nyumbani. Lakini lazima ipimwe na kupangwa upya na mtaalamu. Usiokote na kujiungia mwenyewe.

Jibu letu kwa anayeuliza ni hili: usikae gizani ukisubiri. LFP iliyopo leo inatosha mahitaji ya nyumba. Teknolojia mpya ikishuka bei, utaikuta betri yako imeshajilipa.

Kabla hujalipa

1. Andika vifaa vyako vyote, wati na saa za matumizi. Nenda dukani na karatasi hiyo.
2. Mwulize fundi leseni yake. Chini ya Kanuni za Sola za mwaka 2012, mafundi hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kwa madaraja T1, T2 na T3. Daraja la T3 ndilo la mifumo mikubwa na iliyoungwa na gridi.
3. Angalia alama ya ubora ya KEBS. Betri bandia huandikwa uwezo mkubwa lakini huwa nyepesi kuliko zinavyopaswa.
4. Dai risiti na hati ya waranti yenye tarehe, na uzihifadhi pamoja.
5. Hakikisha fundi ameweka fyuzi karibu na betri, na nyaya za unene unaofaa.
6. Kubaliana na muuzaji mapema: betri hii ikifa, ataipokea?

Jua halitozi mtu senti, lakini kulihifadhi hadi usiku kuna gharama. Piga hesabu yako leo ili baada ya mwaka usirudie koroboi.