Kufungua Redio Si Kuipanua

Fundi wa simu wa mtaa wa Gatina, Nairobi, anayeweza kubadilisha tundu la chaji anaweza pia kufungua redio ya mkononi ya ridhaa. Solda ni ile ile, na kazi huisha kabla chai haijapoa. Mwenye redio huondoka akidhani amepata chombo kipya. Hajapata.

Yaesu, Icom na Kenwood kwa kawaida hutengeneza bodi moja ya kuuzwa duniani kote. Kinachotenganisha redio ya soko moja na ya jingine mara nyingi ni rezista au daiodi chache, ndogo kuliko chembe ya mchele. Redio ikiwashwa, kichakataji hukagua kipi kipo na kipi hakipo, kisha huweka mipaka. Wanaridhaa wa Marekani wana megahezi 144 hadi 148; kanda yetu, tuliyowekwa pamoja na Ulaya, ina 144 hadi 146, na juu zaidi 430 hadi 440. Ng'oa kipande kinachohusika, na redio itakubali kurusha nje ya mipaka hiyo. Baofeng UV-5R haihitaji hata solda. Mipaka yake ni tarakimu tu kwenye kumbukumbu, na programu ya bure iitwayo CHIRP huzibadilisha kupitia waya wa kompyuta. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilimwandikia onyo mwagizaji mmoja wa redio za jamii hiyo kwa sababu ziliweza kurusha nje ya masafa zilizoidhinishiwa.

Kwa hiyo kilichoondolewa ni katazo. Mitambo iliyo nyuma yake imebaki ilivyokuwa.

Chukua antena. Kwenye megahezi 145 wimbi lina urefu wa mita mbili na kidogo, na robo yake ni kama sentimita 52. Kile kijiti kifupi cha mpira ni waya uliosokotwa ili ujifanye mrefu, na hila hiyo hufanya kazi vizuri kwenye ukanda mwembamba tu. Rusha kwenye 170, na sehemu ya nguvu itakataa kutoka, irudi ndani na kugeuka joto kwenye transista ya mwisho. Redio inayochoma kiganja inakueleza jambo. Kisha kuna chujio. Kila redio inayorusha kwenye 145 huzaa pia mwangwi kwenye 290 na 435, na chujio lililopimwa kwa ukanda wa ridhaa ndilo huuzima. Nje ya ukanda huo hakuna aliyekuhakikishia lolote. Unaweza kuwa unavuruga masafa ya mtu usiyemjua, na wewe kioo chako kinaonyesha namba moja tu.

Nairobi mtu huyo hayuko mbali. Ukivuka kutoka Kawangware uko Lavington, ambako walinzi wa mageti wanaitana kwa redio usiku kucha kwenye masafa yaliyolipiwa. Upande wa pili wa Kibera uko Uwanja wa Ndege wa Wilson. Marubani huzungumza kwa AM kati ya megahezi 118 na 137, na UV-5R, isiyojua kurusha ila FM, haina la kuwaambia zaidi ya kelele. Mji huu unaishi kwa kubanana. Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho zimewahi kutumia 99.9 ile ile, na hilo liliwezekana kwa sababu kila moja ilirusha kwa nguvu ndogo, mtaani kwake.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni ya dharura, na siidharau. Aliyekuwa Kibera au Kawangware mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hahitaji kufundishwa maana ya kukatika mawasiliano. Kanuni za kimataifa za redio zenyewe haziizuii stesheni iliyo hatarini kutumia njia yoyote iliyo nayo kuomba msaada. Lakini uliza: ukirusha kwenye masafa ya watu usiowajua, nani atajibu? Majirani kumi wenye leseni, wanaosikilizana kila Jumapili kwenye masafa waliyokubaliana, watafika kwenye moto kabla ya redio moja iliyofunguliwa.

Hamu ya kusikiliza mbali ina dawa rahisi zaidi. Kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta chenye chipu ya RTL2832U, kilichobuniwa kwa ajili ya televisheni ya kidijitali, kikiwa na kipokezi cha R820T hupokea takriban megahezi 24 hadi 1,766, na hakiwezi kurusha hata ukitaka. Ila kusikia si ruhusa ya kutangaza. Mazungumzo ya wengine si habari za kijiweni.

Anayetaka kurusha aanze na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na ishara yake ya wito, zile zinazoanza na 5Z4. Akiisubiri, apande darini Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita juu ya Nairobi na aweke redio yake kwenye 145.800. Wanaanga wakiwa hewani atawasikia, na masafa hayo yamo ndani ya mipaka ya redio ambayo haijaguswa.