Chanjo ya Saratani: ya Bure, ya Kulipia na Isiyouzwa

Mama wa Ukunda au Msambweni mwenye binti wa miaka 11, chanjo ya saratani unayoitafuta iko dispensari, na ni bure. Ni ile ya kirusi cha HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Ilizinduliwa kitaifa Mombasa, Oktoba 2019. Ndani yake mna chembe za nano: maganda matupu ya kirusi, madogo hata yapatayo 18,000 yakipangwa foleni ndipo yafike milimita moja. Kirusi chenyewe hakimo, hivyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Wala haifungi kizazi. Saratani ndiyo humfikisha mwanamke kwenye kutolewa kizazi.

Hospitali za kibinafsi hulipisha, na baadhi huwa na chanjo ya aina tisa za kirusi. Aina mbili, 16 na 18, ndizo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, na chanjo zote zinazikinga. Ile ya aina tisa hufikisha kinga karibu asilimia 90. Mwenye uwezo ainunue, hasa kama binti amepita miaka 14 na mpango wa bure haumchukui tena. Kumkawiza wa miaka 10 huku ukichanga pesa, hapana.

Kwa anayetoka ndani Kinango, gharama ya ile ya bure ilikuwa nauli ya kurudi kwa dozi ya pili. Utafiti wa Kisumu, Thika na Nairobi, uliochapishwa 2022, ulionyesha dozi moja inakinga aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18. Tangu Oktoba 2025 Kenya inatoa dozi moja. Anayeishi na virusi vya Ukimwi bado anahitaji zaidi, kwa hiyo mwambie muuguzi.

Chanjo ya nano ya kutibu saratani ni habari nyingine. Ile ya Moderna na Merck, ambayo kila mgonjwa hutengenezewa yake, ilipoongezwa kwenye dawa nyingine ya saratani ilipunguza kurudi kwa saratani ya ngozi au kifo kwa asilimia 44, lakini hayo ni majaribio. Haiuzwi Nairobi wala India. Usiuze shamba kwa ahadi hiyo.

Na wewe mama, ukiwa na miaka 25 hadi 49, kachunguzwe kwa siki au kipimo cha HPV. Mabadiliko ya mapema hutibiwa kituoni, pengine siku hiyohiyo. Ukichelewa, mionzi ni takriban safari 25 za kuvuka Likoni, na hata SHA ikilipia matibabu, nauli ni yako.