Wahadzabe nao hukaa

Ukimwambia karani wa wizara pale Mtumba, Dodoma, kwamba Mhadzabe anayewinda kandokando ya Ziwa Eyasi hukaa saa nyingi karibu sawa na yeye, atadhani unamtania. Vipimo ndivyo vinavyosema hivyo. Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na David Raichlen walichapisha matokeo ya vifaa vidogo walivyovaa Wahadzabe 28 mapajani: watu hao hupumzika bila kutembea karibu saa 10 kwa siku, kama wakazi wengi wa nchi tajiri. Hata hivyo, dalili za maradhi ya moyo ni haba kwao. Ni kweli kwamba hutembea sana wanapotafuta chakula, lakini hata mapumziko yao si kama yetu. Huchuchumaa na kupiga magoti, mikao inayoiachia misuli ya miguu kazi ya kuubeba mwili. Kiti chenye mgongo huichukua kazi hiyo yote, na misuli ikalala. Kinachotudhuru, basi, huenda ni usingizi huo mrefu wa misuli zaidi kuliko idadi ya saa za kukaa.

Sababu yake iko kwenye damu. Ugali, uwe wa mahindi au wa uwele, humeng'enywa kuwa sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo hupokewa na misuli. Mlango wa misuli huitikia hodi mbili: ya insulini inayotoka kwenye kongosho, na ya misuli yenyewe inapojikaza. Aliyetulia kitini ameiacha insulini ibishe hodi peke yake, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Mwaka 2012, David Dunstan na wenzake nchini Australia waliwapima watu 19 wenye uzito uliozidi. Walipokatiza kukaa kwa dakika 2 za kutembea polepole kila baada ya dakika 20, ongezeko la sukari baada ya kinywaji chenye sukari na mafuta lilipungua kwa takriban asilimia 24. Mwaka 2023, kundi la Keith Diaz katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lilikuta kwamba kutembea dakika 5 kila nusu saa kulipunguza mpando wa sukari baada ya chakula kwa asilimia 58, na shinikizo la damu nalo likashuka.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji wa wakulima na wafugaji umekuwa pia mji wa viti. Mtumishi hufika kazini kwa gari, huketi, hunywa chai ya saa nne yenye sukari na chapati, kisha huketi tena. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulishaonyesha kwamba watu 9 hivi kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini walikuwa na kisukari.

Msomaji makini atasema majaribio hayo ya kutembea ni madogo. Ni kweli: la Columbia lilikuwa na watu 11 tu, kwa hiyo halithibitishi kwamba kutembea korido kunazuia kisukari. Lakini majaribio yanaelekea upande mmoja, na namna misuli inavyofanya kazi inajulikana. Mwingine atajitetea kwamba hukimbia alfajiri. Uchambuzi wa Ulf Ekelund wa mwaka 2016, uliohusu watu zaidi ya milioni 1, unampa haki kwa sharti: ilihitajika dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kila siku ili kuifuta hatari ya kufa mapema inayoambatana na kukaa zaidi ya saa 8. Anayefikisha aendelee; wengi hatufikishi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la heshima: anayetembeatembea ofisini huonekana mtoro. Hapo dawa iko mikononi mwa wakubwa. Mkuu wa idara anayepeleka jalada mwenyewe chumba cha pili, anayepokea simu akitembea na kusimamisha kikao kila nusu saa watu wanyooshe miguu, atakuwa amewapa ruhusa walio chini yake. Jua la Dodoma si kisingizio, maana korido ina kivuli. Dakika 2 hazijawahi kuchelewesha jalada.