Malizeni Dawa: Maswali ya Mabira na Majibu Yake

Kata ya Mabira iko wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, katika nchi ya migomba, kahawa na maharage. Kabla ya mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Wilaya hiyo imepakana na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kudhani kwamba mambo ya huko ni ya mbali naye. Sivyo. Homa haiulizi mtu anaishi bara au visiwani. Hupanda basi na meli pamoja na abiria. Kwa hiyo leo tunajibu maswali ambayo wananchi wa pande zote mbili huulizana wanaposubiri zamu zao kwenye zahanati.

Swali la kwanza: “Kwa nini nipimwe, ilhali malaria naijua?” Homa si ugonjwa mmoja. Mapafu, koo, tumbo na njia ya mkojo huweza kuleta joto lile lile na maumivu yale yale ya kichwa. Mkoa wa Kagera wenyewe ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025 wilayani Biharamulo. Ugonjwa huo huanza kwa dalili zinazofanana na za malaria. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja tu la damu ya kidole, na majibu hupatikana kabla mgonjwa hajachoka kukaa. Anayemeza dawa bila kupimwa huenda anatibu ugonjwa asiokuwa nao, huku ule alionao ukiendelea kumla.

Swali la pili: “Siku ya pili nimeshapata nafuu. Kwa nini nisiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mwanangu?” Dawa ya mseto huitwa hivyo kwa sababu ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza huua vimelea kwa haraka sana, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Ya pili hufanya kazi polepole, nayo hubaki siku nyingi ikifagia masalia. Nafuu ya siku ya pili ni kazi ya ile ya kwanza. Masalia bado yamo katika damu. Mtu mzima hupewa vidonge 24, yaani vidonge 4 kwa mara 6, katika muda wa siku 3. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na zinazofuata humezwa asubuhi na jioni. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa, karanga au parachichi, kwani bila mafuta mwili hauipokei dawa vizuri. Mtoto naye ana dozi yake, inayopimwa kwa uzito wake. Mabaki ya baba hayamtoshi mwana, na baba mwenyewe hajapona.

Swali la tatu: “Je, ni kweli kwamba dawa hii imeshindwa?” Si kweli, lakini hatari ipo. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba Rwanda ina vimelea vilivyoanza kustahimili ile dawa ya haraka. Mwaka 2022 watafiti wa Tanzania waliwafuatilia watoto wenye malaria wilayani Karagwe, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2024. Walikuta vimelea vya aina hiyo hiyo, na baadhi ya watoto walikuwa bado na vimelea katika damu siku ya tatu ya tiba. Hata hivyo walio wengi mno walipona, kwa kuwa ile dawa ya pili bado ina nguvu. Maana yake ni kwamba nguzo moja imeanza kulegea na nyumba inaegemea ile nyingine. Kila dozi iliyokatwa katikati huvifunza vimelea namna ya kuishinda nguzo iliyobaki.

Swali la nne: “Je, chai ya pakanga haitoshi?” Ni kweli kwamba mmea huo ndio asili ya ile dawa ya haraka. Lakini kiasi cha dawa katika kikombe ni kidogo na hakina kipimo, nacho hakina ile dawa ya pili. Vimelea vikionjeshwa dawa kidogo kidogo huizoea.

Mzazi asingoje kumaliza vidonge nyumbani iwapo mtoto anapata degedege, anatapika kila kitu, anashindwa kunyonya, haamki vizuri, au anakojoa mkojo mweusi. Degedege si pepo. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya saa ile ile.

Kwa ndugu zetu wa visiwani kuna neno la ziada. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu dawa ya mseto ilipoanza kutumika huko mwaka 2003 na vyandarua kuenea. Lakini mwili usiougua malaria hupoteza kinga yake. Anayesafiri kwenda bara kwa biashara au kwa jamaa alale ndani ya chandarua. Akirudi na homa, amweleze mganga alikotoka.

Viongozi wa Serikali nao wana sehemu yao. Mwananchi hawezi kumaliza dozi ambayo hakupewa kamili. Yafaa vipimo na dawa visikosekane katika zahanati za mpakani, na maduka ya dawa yazuiwe kuuza nusu dozi kwa mwenye nusu fedha. Wataalamu wa nchi jirani nao wapeane habari, maana vimelea havionyeshi hati ya kusafiria. Historia ya Zanzibar inatosha kuwa onyo. Kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza mwaka 1957 ilikaribia kushinda. Iliposimamishwa mwaka 1968, ugonjwa ulirudi kwa nguvu katika miaka michache. Klorokwini nayo ilikuwa tegemeo la kila nyumba, hata ikabidi Tanzania Bara iiache mwaka 2001. Iliyofuata ilidumu miaka mitano tu, ndipo ukaja mseto.

Dawa nyingine ya kuchukua nafasi ya mseto haipatikani kwa siku moja. Kwa hiyo mgonjwa wa Mabira anayemeza kidonge chake cha mwisho, ingawa homa imeshamwacha, anamlinda pia mtoto wa Micheweni asiyemjua.